Mchunguzeni mwenye namba, si mtoto anayelia

Mhariri,

Jumamosi iliyopita gazeti lako lilichapisha makala ndefu kuhusu michango inayoombwa mitandaoni. Niliisoma kibandani kwangu kati ya mteja na mteja, nikairudia usiku nyumba ilipotulia. Mwandishi wako amesema kweli nyingi. Lakini kuna sentensi moja iliyonikwama kooni kama mwiba wa samaki, ile inayowaonya wasomaji wajihadhari na watoto wanaolizwa mbele ya kamera ili watu watoe pesa. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa hao. Huenda hata mwandishi wako aliiona video yake. Mwanangu alilizwa, ndiyo. Waliomliza si wazazi wake, na shilingi moja haikuingia nyumbani mwetu.

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Lamu, upande wa Langoni, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiifanya kazi hii. Jina langu unalo. Naomba lisichapishwe, kwa sababu atakayelijua langu atalijua la binti yangu, na lake limeshazungushwa vya kutosha.

Ana miaka 13. Alipokuwa na tisa lilimtoka doa jeupe kwenye kifundo cha mguu, dogo kama punje ya mchele. Nikadhani ni choa. Nikampaka dawa ya choa, nikampaka mafuta ya habasoda, nikasikiliza kila mtu aliyekuwa na ushauri. Doa likapanuka, likatoka la pili, likapanda mikononi, likazunguka mdomo. Mwishowe tukavuka kwa boti alfajiri hadi Mokowe, tukashika basi la Mombasa kwenda kwa daktari wa ngozi. Hakuchukua muda mrefu kuutambua. Akasema ni mbalanga. Akanieleza kwamba kinga ya mwili wenyewe huzigeukia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi na kuziharibu, kwamba haiambukizi kwa kugusana wala kwa kula pamoja, kwamba haimuui mtu, na kwamba duniani kote karibu mtu mmoja katika kila mia anayo. Dawa za kupaka na tiba ya mwanga huwarudishia wengine rangi, wengine hapana. Akamkataza jua kali, kwa kuwa ngozi isiyo na rangi huungua upesi, na hilo kwa mtoto wa Lamu si jambo dogo. Nilirudi nikiwa nimepoa moyo. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe niliyokuwa nimeyamaliza ni ya ngozi tu.

Shuleni walimwita Ramani. Baadaye wakamwita Punda Milia. Mhariri, ukiujua mji wetu utajua jina hilo lilivyo zito hapa, kwa sababu punda wamo kila kichochoro, wakibeba mchanga na mawe ya ujenzi, na kila anapopita mmoja mtoto mmoja hupaza sauti, "Mpishe dadako!" Kutoka shule hadi nyumbani mwanangu anaweza kupishana na punda wanane.

Nilimwendea mwalimu. Akanijibu kwa upole, "Mama, ni utoto, watachoka wenyewe." Hakuwa mtu mbaya. Lakini nataka niandike hapa yaliyokuwa yakitendeka nyumbani wakati tunawangoja wachoke, kwa sababu naamini wako wazazi wanaoyaona haya na hawajayapa jina.

Kila Jumapili baada ya Maghrib tumbo lilimuuma. Si uongo wa mtoto anayekwepa shule. Alikuwa akijikunja kitandani, jasho linamtoka. Nikampeleka zahanati mara tatu. Akapimwa choo, akapimwa malaria, akapewa dawa za minyoo na za amiba. Mara ya nne tukamkuta kijana mmoja tabibu, akaweka kalamu chini na kumuuliza, "Shuleni kukoje?" Mtoto akaangalia sakafu, hakujibu, na tumbo likaacha kuuma palepale. Ndipo nilipojua kwamba moyo ukikosa pa kusemea husema kwa tumbo.

Alianza kuvaa soksi ndefu nyeusi katika joto la Februari. Akaacha kula na wenzake. Hili la kula lina siku yake. Ilikuwa harusi ya jirani, wasichana wamekaa watano watano kwenye masinia ya pilau. Mwanangu alipotia mkono, msichana aliyekuwa kando yake akautoa wake, akajifuta kwa kanga, akahamia sinia jingine. Hakusema neno. Tangu siku hiyo binti yangu hali sinia moja na mtu asiyelala nyumbani mwetu. Idd iliyofuata wenzake walikwenda kupakwa hina ya maua. Yeye alimwomba shangazi yake ampake mkono mzima, kuanzia kucha hadi kiwiko, pasibaki nafasi. Shangazi akampaka, akalia jikoni.

Alikuwa na sauti nzuri ya kasida. Mwaka ule madrasa ilimchagua awe mbele siku ya Maulidi. Akakataa.

Sasa nije kwenye hiyo video. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka jana, Alhamisi, saa kumi jioni. Watoto watano walimzunguka kwenye kichochoro nyuma ya shule wakitaka kuona miguu. Wakamvua kiatu kimoja, kisha soksi. Aliyeshika simu ni mvulana wa miaka 14, na simu ilikuwa ya kakake. Video ina sekunde 47. Ndani yake mwanangu anasema neno "basi" mara sita. Nimeyahesabu.

Kwanza ilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa mtaa. Siku ya tatu dadangu akanipigia simu kutoka Mombasa. Hata salamu hakumaliza. "Kaa kitako kwanza," akaniambia, kisha akanitumia. Ilikuwa video ileile lakini si ileile. Kicheko cha wale watoto kilikuwa kimeondolewa, pamewekwa kasida ya huzuni. Juu yake yameandikwa maneno kwamba huyu ni yatima wa Lamu, ana saratani ya ngozi, anahitaji shilingi 1,800,000 apelekwe India kabla ya mwezi kwisha. Chini, namba ya simu.

Babake yuko hai, anachonga milango Mkomani. Saratani hana. India hatujawahi kuitaja nyumbani kwetu. Ile namba haikuwa ya mtu yeyote tunayemjua.

Nilikaa siku tatu nikiitazama namba hiyo hadi nikaihifadhi kichwani. Watu wa Jedda na Dubai walikuwa wakiandika "nimetuma, Allah amponye". Wengine ni jamaa zetu wa mbali wasiojua kwamba ni wetu. Nilipoandika chini yake kwamba mimi ndiye mama na habari hii si kweli, maneno yangu yalifutwa baada ya dakika chache na nikafungiwa nisiweze kuandika tena.

Jumanne, kama saa nne asubuhi, akaja kibandani mzee mmoja mvuvi wa Kipungani, mteja wangu wa siku nyingi. Aliweka shilingi 500. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa pamoja na simu yake. "Mwanangu, mato yangu hayazioni namba hizi. Nisaidie niwatumie wale wa mtoto mwenye mabaka."

Sikuhitaji kuifungua karatasi nikasoma hadi mwisho. Nikamwambia, "Ami, mtoto huyo ni wangu. Na namba hii siijui ni ya nani."

Alikaa kwenye baraza pale nje muda mrefu. Wateja wawili wakaja, wakahudumiwa, wakaenda, naye bado amekaa. Halafu akasema, "Basi zichukue wewe, zimekwisha kutoka mkononi." Sikuzichukua. Nilimwambia nikizipokea nitakuwa nimeipokea na ile habari ya yatima na saratani. Akanielewa, au alinistahi tu, sijui. Alasiri akarudi na changu wawili ndani ya kikapu, akawaweka mlangoni. "Hawa si mchango," akasema. "Hiki ni kitoweo."

Naeleza habari ya mzee huyu kwa kirefu kwa sababu kila ninaposikia watu wakisema wanaotuma pesa mtandaoni ni wajinga, namkumbuka. Hakuwa mjinga. Alisikia mtoto anaumia akavunja noti ya ngisi wake. Aliyekosa ni yule aliyejua kwamba wako watu wa namna hii akawatega.

Siku ya sita upepo ukageuka. Mtu mmoja aliandika kwamba ile si saratani ni mbalanga, na mbalanga haihitaji kwenda India. Alisema kweli kabisa, na ningempa mkono kama angeishia hapo. Lakini waliomfuata hawakuuliza namba ni ya nani. Walimgeukia mtoto. Wakasema amepakwa rangi. Wakasema tazama, machozi hayatoki vizuri, amefundishwa. Mtu akatafuta akapata kwamba mamake ana kibanda cha M-Pesa, na hapo ikawa imekwisha, wakasema mnauliza pesa zinakwenda wapi na mama ndiye anayezihesabu? Picha ya kibanda changu ikazunguka, mlango wa kijani na jina la mtaa.

Kazi hii mtu huifanya kwa kuaminiwa. Kuna mabibi wanaonikabidhi simu na kitambulisho, wanageuza uso wakati wa kuingiza namba ya siri, na mimi nageuza wangu. Wiki ile kuna mteja niliyemhudumia kwa miaka saba, alitoa shilingi 3,000 akazihesabu mbele yangu mara tatu. Nikamhesabia ya nne mimi mwenyewe. Nililipitia hilo, mimi ni mtu mzima. Lakini mwanangu aliporudi shuleni alikuwa na jina la tatu. Milionea. Wakati wa mapumziko walimtaka awanunulie viazi vya karai, asipotoa wanasema, "Mchoyo, na pesa zote zile." Kabla ya video aliteswa kwa sababu ya ngozi yake. Baada ya video aliteswa kwa ngozi na kwa uongo wa mtu asiyemjua.

Usiku mmoja nakunja nguo, akaniuliza, "Mama, wale waliotuma pesa, walilipia nini?"

Sikuwa na jibu. Sinalo hadi leo.

Nilipokosa usingizi nilitafuta kama yako mengine kama haya, nikaona tuko wengi kuliko nilivyodhani. Mwaka 2012, katika mji uitwao Greece, jimbo la New York huko Marekani, mama wa miaka 68 aliyekuwa msimamizi kwenye basi la shule alitukanwa na wanafunzi kama dakika kumi, nao wakamrekodi. Mtu mmoja wa Toronto, Canada, akaanzisha mchango wa dola 5,000 ili yule mama akapumzike mahali. Zikapatikana zaidi ya dola 700,000, na mama mwenyewe akatoa sehemu kuanzisha mfuko wa kupinga uonevu. Ni jambo jema, silibezi. Ila lile liliishia vizuri kwa sababu mwenye kuumizwa alikuwa mtu mzima, alijulikana ni nani, na pesa zilimfikia yeye.

La Australia ndilo lililonikaa. Februari 2020, mvulana wa miaka tisa mwenye kimo kifupi cha maumbile alirekodiwa na mamake akilia baada ya kuonewa shuleni. Mama alitaka ulimwengu uone uonevu unamfanya nini mtoto. Dunia ikaona, na mchekeshaji mmoja wa Marekani, naye ana kimo kama hicho, akakusanya zaidi ya dola 470,000 ili mtoto apelekwe Disneyland. Mara wakatokea watu wakidai huyu si mtoto, ni mtu wa miaka 18 anayeigiza. Mtoto wa miaka tisa! Mwandishi mmoja wa magazeti akadai amefundishwa cha kusema, na baadaye akalazimika kuomba radhi hadharani. Familia ikaikataa ile safari, ikasema pesa ziende kwa mashirika yanayosaidia watoto. Nilipolisoma hilo la kuikataa nilikaa kitandani nikawasha taa. Niliwaelewa watu wale ambao sitakutana nao maisha yangu yote.

Sisemi watu wasiwe na shaka. Mimi nashika simu za watu siku nzima, najua wizi ulivyo. Huko huko Marekani mwaka 2017 wapenzi wawili na mwanamume asiye na makao walitunga kisa kwamba maskini yule alitoa dola zake 20 za mwisho kumnunulia petroli mwanamke aliyekwama barabarani. Watu wakachanga zaidi ya dola 400,000, na kisa chote kilikuwa cha uongo. Walishitakiwa. Shaka ina mahali pake. Ninachosema ni kwamba shaka iulizwe kwa mwenye namba. Kilio cha mtoto na namba ya simu ni vitu viwili, vinabandikwa pamoja na mtu wa tatu, na huyo wa tatu ndiye anayetakiwa kujieleza. Kwetu yeye hakuulizwa lolote. Namba ilizimwa wiki ya pili akaenda zake na alichokusanya, na lawama ikabaki kwa mtoto wa gredi ya saba.

Kumuuliza si kazi ngumu, na hili nalisema kama wakala. Unapotuma pesa, jina la mpokeaji hutokea kwenye simu yako. Lisome. Kama ombi ni la matibabu, uliza mgonjwa yuko hospitali gani na utume kwenye akaunti ya hospitali yenyewe, sio kwa mtu. Kama ni mchango wa watu wengi, namba ya Paybill, yaani ya akaunti ya malipo, ya kikundi chenye mweka hazina ni afadhali kuliko namba ya mtu binafsi, kwa kuwa kuna wa kuulizwa. Sheria yetu ya michango ya umma, Sura ya 106, inamtaka anayechangisha umma awe na kibali, mtake akionyeshe. Ukiisha kutuma kwa hiari yako na mwenzio akazitoa, kuzirudisha ni shida. Zaidi ya yote, piga simu mahali penyewe. Lamu si Nairobi. Piga kwa imamu, piga kwa chifu, piga kwa mwenye duka yeyote wa Langoni, uliza kama kuna yatima mwenye saratani wa umri huu. Ungepata jibu kabla ya chai kupoa. Katika maelfu waliotazama ile video, waliopiga simu Lamu kuuliza, ninaowajua mimi, ni wawili.

Tuna namna yetu ya kuchangiana hapa, na sijui ni lini tuliisahau. Miaka mingi nyuma mume wangu aliumia mkono kwa msumeno, akakaa miezi minne hafanyi kazi. Usiku mmoja baada ya Isha mlango ukagongwa. Mwanangu mkubwa alipofungua hakukuta mtu, alikuta pesa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Zilitutosha chakula mwezi mzima na kodi. Hadi leo mume wangu akiketi barazani anawatazama wazee wenzake mmoja mmoja, hajui amshukuru nani. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimtaja miongoni mwa watakaokuwa kivulini siku isiyo na kivuli yule atoaye sadaka kwa siri hata mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Siku hizi mkono wa kushoto ndio unaoshika kamera.

Ustadhi wa madrasa ya mwanangu alinisomea Suratul Hujurat. Nimeisikia tangu utoto, lakini siku ile nilisikia kama imeteremshwa kwa ajili ya kichochoro kile. Aya ya sita inatuamuru tukiletewa habari na mtu asiyeaminika tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu bila kujua kisha tukajuta. Ya kumi na moja inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Ya kumi na mbili inakataza dhana nyingi na kupelelezana. Yote matatu tuliyafanya katika wiki mbili, juu ya mtoto mmoja, na wengi wetu tulikuwa tumetoka kuswali.

Niliripoti polisi, nikaandikiwa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Ofisa mmoja akanieleza kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018 ina adhabu ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka kumi kwa anayemsumbua mtu mtandaoni. Nilimwambia namtaka yule mwenye namba. Yule mvulana wa simu sitaki afungwe. Mamake alikuja kwangu usiku, amejitanda kanga hadi machoni, amemshika mkono. Mtoto alikuwa akitetemeka. Aliniambia alidhani itabaki kwenye kundi lao. Hajui bado kwamba kitu kikiingia kwenye simu hakina tena kwao. Tulilia sote watatu, kisha nikawapa chai. Binti yangu alikataa kutoka chumbani, nami sikumlazimisha. Msamaha wa huyo mvulana ni wake yeye mwenyewe kuutoa, si wangu, na atautoa siku atakayotaka au hatautoa.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba mambo machache kutoka kwako. Gazeti lako nalo huchapisha maombi ya msaada, na mara nyingi kuna picha ya mtoto, uso wazi, jina, kijiji, na aina ya ugonjwa. Najua nia ni njema. Naomba mfikirie kuacha uso. Andikeni hospitali, deni, na namba ya hospitali, na mseme kwamba mmehakikisha wenyewe. Msomaji anayetaka kutoa atatoa. Mtoto huyo atapona insha'Allah, atakuwa na miaka 20, ataomba kazi, ataposwa, na picha bado itakuwepo. Pili, naomba ile sentensi ya Jumamosi irekebishwe. Wako wazazi wanaowaliza watoto wao kwa ajili ya pesa, sikatai, lakini msomaji hawezi kuwatenga kwa kutazama machozi, na akijaribu atawaumiza walio wa kweli.

Na kwa walimu wanaosoma ukurasa huu, kwa heshima zote ninazowapa: mzazi akija na jina ambalo mtoto wake anaitwa, liandikeni. Waiteni wale wanaoliita, na wazazi wao, wiki hiyo hiyo. Jina lile la kwanza, Ramani, lilikaa miaka miwili bila mtu mzima kulikataza. Kwa mzazi ambaye mtoto wake anaumwa tumbo kila Jumapili, simu ya watoto 116 haina malipo, hupigwa saa yoyote, na anayepokea husikiliza bila haraka. Sisi tulichelewa kuijua. Mwanangu alizungumza nao kwa dakika arobaini akiwa amefunga mlango, na alipotoka aliomba chakula.

Tumbo limepungua. Soksi bado anavaa. Maulidi ya mwaka huu alikaa nyuma pamoja nami, midomo yake ilikuwa ikitamka maneno ya kasida lakini sauti hakutoa.

Video ile bado ipo. Jana usiku niliiona kwenye ukurasa mpya, namba mpya chini yake, na safari hii mtoto wangu ameitwa wa Kilifi na anaugua ukoma. Nimeiripoti, nimewaomba jamaa wote waripoti. Ni msichana mwenye sare ya buluu na hijabu nyeupe, mguu mmoja hauna kiatu, sekunde 47. Ikikufikia, nakuomba usiitume kwa mtu, hata kwa kumwonya. Ifute.

Mama wa Langoni,
Lamu